Tabibu wa zama za kati aliyajuaje mapenzi kwa kushika mshipa?

Msomaji_wa_Kale
Wakuu, niko kwenye Al-Qanun, kitabu cha tiba cha Ibn Sina (980–1037), pale anapoitaja ashiki, yaani mapenzi makali, miongoni mwa maradhi ya kichwa. Kipimo chake kilifanywaje hasa? Na kwa nini waliamini inaweza kuua, ilhali yeye mwenyewe ana risala nzima ya kuitukuza?

Mizani
Dalili kwanza: macho yamezama, makavu ila wakati wa kulia, kope hazitulii, pumzi inakatika. Tabibu huweka vidole kwenye mshipa wa mkono na kutaja majina mengi. Mapigo yakibadilika ghafla kwenye jina moja, hulirudia mara kadhaa. Likithibiti, huliambatanisha na mitaa, nyumba, kazi na nasaba mpaka ampate mhusika, na mgonjwa hajafungua kinywa.

Fundi_Mantiki
Kurudia ndiyo roho ya kipimo, na ndipo wengi hukosea. Hakuna mpigo maalumu wa mapenzi. Galen, tabibu wa Kigiriki, alishalisema hilo karne nyingi kabla ya Ibn Sina. Mshipa husema tu kwamba nafsi imeshtuka, na hofu au aibu hushtua vilevile. Galen alipomshuku mwanamke mmoja kuwa anampenda mcheza dansi Pylades, siku zilizofuata alihakikisha wanatajwa wachezaji wengine. Mapigo yakatulia. Alipotajwa Pylades tena, yakavurugika. Bila majina ya kulinganishia, hujapima kitu.

Nafsi_na_Mwili
Kuhusu kifo, msiisome kama tamathali. Kondoo humkimbia mbwa mwitu kwa nguvu ya nafsi iitwayo wahm, ambayo Ibn Sina aliiweka katika tundu la kati la ubongo: ndiyo hukadiria lipi la kuendewa na lipi la kukimbiwa. Gerard wa Berry, tabibu wa Ulaya, akifafanua tafsiri ya Kilatini ya Constantinus Mwafrika ya kitabu cha tabibu Ibn al-Jazzar wa Kairouan, anasema wahm ikimkadiria mtu kupita kiasi huiburuta fikra nyuma yake. Tundu la mbele la ubongo hukauka, na sura ya mpendwa hunata humo kama muhuri kwenye nta iliyokwisha kuganda. Usingizi unakwenda, chakula hakiliki, mwili unaishiwa unyevu, na hapo ndipo kifo.

Kwa hiyo tiba ni kurudisha unyevu: kulala, kuoga, kulishwa vizuri, kushughulishwa. Ila Ibn Sina anaitanguliza ndoa, pale dini na sheria zinaporuhusu. Risala haipingani na hayo: humo ashiki ni mvuto wa kila kiumbe kuelekea ukamilifu wake. Kinachougua ni kadirio, si mvuto.