Msaada: fayawoli (kichujio cha mtandao) ya ruta ya MikroTik haizuii kitu, kituo cha kujisomea Nkuhungu

MlinziDom: Habari zenu wakuu. Nasimamia kituo cha kujisomea hapa Nkuhungu, Dodoma. Jioni wanakuja wanafunzi wa sekondari kupitia mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma. Nimeweka kanuni za kuzuia tovuti za ngono kwenye sehemu ya input ya fayawoli, drop (tupa) kabisa, lakini zinafunguka kama kawaida. Hawa ni watoto wa watu na wazazi wameniamini. Naombeni mwongozo.

FundiAreaC: Mkuu, input ni ya pakiti (vipande vya data) zinazoishia kwenye ruta yenyewe. Mtoto akifungua tovuti, pakiti zake zinapita tu kwenda nje, na hizo ni za forward. Tazama kihesabu pembeni ya kanuni zako, nadhani kinasoma sifuri. Halafu kanuni husomwa toka juu kushuka: pakiti ikishakubaliwa na accept ya juu, drop ya chini haiioni.

Kibaigwa_Net: Si atafute tu anwani za IP za hizo tovuti azifungie?

FundiAreaC: Hatazimaliza. Anwani zinabadilika, na moja inaweza kubeba mamia ya tovuti zisizo na hatia. Aanze na DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Weka 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za Cloudflare, ni bure na zinakataa ngono na programu hasidi. Ondoa tiki ya Use Peer DNS, la sivyo ruta itaendelea kuchanganya na DNS za mtoa huduma. Kisha kwenye NAT, sehemu ya ruta inayobadili pakiti ziende wapi, bandari 53 ya UDP na TCP (njia ya maswali ya DNS) kutoka ndani uirudishe kwenye ruta, maana wapo watakaojiwekea 8.8.8.8, DNS ya Google.

Hapo lazima uwashe Allow Remote Requests, yaani ruta ijibu maswali ya DNS ya vifaa vingine, kwa hiyo input ya upande wa intaneti ifunge, tafadhali sana. Ikibaki wazi, wahalifu wataitumia ruta yako kushambulia wengine. Na bonyeza Safe Mode kabla hujagusa input: ukijifungia nje, mabadiliko yanajirudi yenyewe.

MlinziDom: Mungu akubariki mkuu. Kompyuta zote zimekubali. Simu mbili za Android bado zinapenya.

DadaWaMaabara: Hizo zimewekewa Private DNS, kaka, yaani DNS iliyofichwa kwa usimbaji isiyopita bandari 53. Zuia bandari yake, TCP 853, kwenye forward. DNS nyingine zilizofichwa hupitia 443, bandari ya tovuti za kawaida, kwa hiyo fungia pia anwani za DNS za Google na Cloudflare: 8.8.8.8, 8.8.4.4, 1.1.1.1 na 1.0.0.1, hizi anwani hazibadiliki. Wenye simu watakosa intaneti hadi wazime hiyo Private DNS, waambie mapema.