UZI: Filamu za "kijana wa mji mdogo" zinapigwa huku Magharibi bila kuutazama mji wenyewe

Wadau wa Kisumu, Kakamega, Bungoma na Nakuru, hili lazima lisemwe waziwazi. Imekuwa desturi: kikundi kinatoka Nairobi na kamera ya kukodi, kinalala wiki moja Mumias au Webuye, kisha kinatuletea filamu huru ya msichana wa miaka 16 aliyechoshwa na kwao. Hadithi yenyewe haina ubaya wowote. Kijana asiyetulia katika mji uliosimama anastahili sinema, na miji ya namna hiyo tunayo. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa 2009. Kampuni ya sukari ya Mumias iliwekwa chini ya meneja mrasimu, msimamizi wa mali ya kampuni yenye madeni, 2019. Watoto waliozaliwa Webuye ikifungwa sasa ndio hao vijana, na maswali yao ni mazito. Kinachoudhi ni kwamba mji haumo ndani ya filamu. Tunaonyeshwa miwa kutoka juu kwa droni, bodaboda ikitimua vumbi, halafu basi la Nairobi. Imeisha.

Kijana hachoki hivihivi. Anachoshwa na watu fulani, lugha fulani, saa fulani za siku, sheria za nyumba fulani. Mkiyakosa hayo, mtazamaji wa hapa hajui mtoto anakimbia nini, na wa mbali anaona tu uso ulionuna.

Tuanze na lugha, maana ndiyo inayovunja filamu dakika ya kwanza. Mumias ni kwa Wawanga. Kwenye filamu, mama anaongea Kibukusu cha Bungoma, nyanya anajibu Kimaragoli cha Vihiga, na mtoto anamwaga Sheng ya Eastlands kana kwamba alishukia Kariobangi jana. Hao watatu wanadaiwa wamelala nyumba moja maisha yao yote! Dawa yake si ghali. Mtafuteni mtu wa hapo hapo, mwalimu au mtangazaji wa redio ya lugha hiyo, mpeni skripti kabla ya mazoezi, mmlipe, mmruhusu abadilishe mistari. Mkirudi na mistari ileile mliyokuja nayo, basi hamkumsikiliza. Na msiandike lugha moja tu kwa kila mhusika. Kijana wa Mumias anamwomba mama ruhusa kwa Kiwanga, anabishana na mwalimu kwa Kiingereza, anajisifu kwenye steji ya bodaboda kwa Kiswahili. Siku anapomjibu mama yake kwa Kiingereza mezani, hapo pana ugomvi tayari, bila hata kikombe kuvunjwa.

La pili limenikera kuliko yote. Unapiga filamu ya mvulana wa Kibukusu anayekua kuwa mwanamume, Bungoma, mwezi wa Agosti, na tohara haitajwi! Au inatajwa vibaya. Tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti ya miaka shufwa: 2022, 2024, 2026. Ukiandika kwenye skrini "Agosti 2025" kisha ukamwonyesha mtahiriwa akipiga chinyimba, zile kengele za mkononi, barabarani, umewapoteza watu wa Bungoma wote. Tena kuna mambo ndani yake ambayo mwandishi yeyote angeyapigania: mvulana kwenda kwa mjomba, upande wa mama, ambako anachinjiwa na kuvikwa shingoni luliki, kipande cha nyama ya kifua, kupakwa matope ya mtoni alfajiri, kusimama wima bila kupepesa jicho mbele ya watu wanaomjua tangu utotoni. Mjomba akikataa kuchinja kwa sababu ya mahari ambayo haikulipwa, filamu nzima mnayo hapo. Badala yake mnatuletea ngoma ya isukuti kwenye sherehe ya Bungoma. Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, na UNESCO iliiorodhesha kwa jina lao 2014. Mkitaka ala ya Bungoma, mtafuteni mpiga litungu, ala ya nyuzi, mmrekodi na mmlipe.

Shule nazo. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza darasa la nane, ulifanywa 2023, na kidato cha kwanza cha mwisho kikaingia Januari 2024. Hadithi ikiwa ya 2025 haiwezi kuwa na mgeni wa kidato cha kwanza aliyebeba sanduku getini, kwa sababu kidato hicho hakikuwepo mwaka huo. Mwanafunzi wa gredi ya 9 yuko shule ya msingi, sekondari ya chini, akivaa sare za huko. Na kama msichana wenu yuko shule ya bweni, hawezi kuonekana sokoni Jumanne muhula ukiendelea bila mtu kumuuliza. Ama mfanyeni wa shule ya kutwa, ama ionekane ametumwa nyumbani kuleta karo. Hilo la karo peke yake linabeba mandhari matatu.

Waigizaji: mtu wa miaka 27 mwenye kivuli cha ndevu hawi kidato cha tatu kwa kuvalishwa kaptura. Kila mwaka kuna Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu, shule za huku zinashindana kuanzia ngazi za chini, na wale watoto wanajua kusimama mbele ya watu. Nendeni mkawatazame. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, kwa hiyo mzazi atie sahihi, awepo mtu mzima wa kumwangalia, na kazi ifanywe likizo ya Aprili au Agosti. Mnakwepa kazi hiyo, halafu mnalalamika kwamba watazamaji hawaguswi.

Mwisho kwangu ni ratiba. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Kurasa 90 kwa siku 7 ni karibu kurasa 13 kwa siku. Kikundi kidogo kinachofanya kazi kwa uangalifu kinamaliza 4 hadi 6. Mkikimbizana na 13, mnapiga kila mazungumzo kwa mkao mmoja mpana, mara moja, mnahama. Kinachokatwa kwanza ni uso wa anayesikiliza. Kwenye filamu ya kijana anayekua, huo uso ndio filamu, kwa sababu mengi anayoambiwa hawezi kuyajibu.

fundi_sauti_Kondele:
Naongeza sauti, maana mwanzishaji ameiruka. Mvua kwenye mabati ni vigumu kuisafisha vizuri kwa programu. Huku mvua nyingi huja alasiri, kwa hiyo mandhari ya ndani ya nyumba ya mabati yapigwe asubuhi, ya nje ya jioni yawe na siku ya akiba. Maikrofoni ndogo ya kubana ikiwekwa chini ya sweta ya shule inakwaruza kila mtoto akipumua. Ibaneni katikati ya vipande viwili vya teipu vilivyokunjwa pembetatu, gundi nje, mbele ya shati chini ya tai, na waya upigwe kitanzi ili usivutwe. Bumu, maikrofoni ya kwenye mti mrefu, iwe juu ya kichwa wakati wote hata mkiwa na hizo ndogo. Kabla ya kuhama chumba, kila mtu anyamaze na mrekodi sekunde 60 za chumba kitupu. Msipofanya hivyo, mhariri hana cha kuzibia mapengo, na mnaishia kurudia mazungumzo studioni. Ndiyo maana mama anayepika jikoni kwenye moshi anasikika kama mtangazaji wa redio.

picha_Nakuru:
Umeme wetu ni wa hezi (Hz) 50. Ukipiga fremu 30 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya sekunde 1/60 kama simu nyingi zinavyokuja, chini ya taa za mirija darasani unapata mistari inayotambaa ukutani. Wekeni fremu 25 na shata 1/50, au fremu 24 na shata hiyohiyo ya 1/50. Mistari ikishaingia kwenye picha ni taabu kuitoa.

Na jua la ikweta halisubiri mkurugenzi. Kisumu linatua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na linashuka karibu wima. Ile nuru ya dhahabu mnayoitaka kando ya ziwa ni kama nusu saa, na dakika 20 baada ya jua kutua ni giza. Mazoezi yamalizike saa kumi na moja, kamera iwe tayari, mpange mikao miwili tu. Droni nayo inahitaji kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Nyingi za hizo picha za miwa hazisemi lolote, pigeni kutoka usawa wa macho ya mtoto.

dada_wa_Kakamega:
Mnasema kweli, ila wengi hawana pesa. Kurasa 90 kwa mwendo wa 5 kwa siku ni siku 18. Pesa za kukodi vifaa na kulisha watu siku zote hizo zitatoka wapi?

Mwanzishaji:
Dada, punguza skripti, usipunguze siku. Kurasa 60 kwa siku 12 ni kurasa 5 kwa siku, na filamu ya saa moja iliyokamilika ni bora kuliko ya saa moja na nusu yenye mashimo. Sehemu za kupigia ziwe nne: nyumba, darasa siku za likizo, kibanda cha mama, steji. Zote ziwe umbali wa kutembea ili msilipe gari. Ondoa tukio la usiku la barabarani, linakula taa na jenereta, na jenereta inaharibu sauti. Ondoa droni. Pesa zinazobaki zimlipe msomaji wa lugha na mtu wa kuandika tafsiri chini ya picha kwa Kiswahili, siyo Kiingereza peke yake. Mistari miwili, herufi zisizozidi 42 kwa mstari, ziwe na ukingo mweusi, maana herufi nyeupe juu ya shati jeupe la shule hazisomeki.