Naomba ushauri: bunduki ya kwanza ya peintiboli, bajeti dola 300

Mtoto wa Kigamboni
Wakuu, salaam. Nipo Indianapolis, Marekani. Wenzangu wa kazini hucheza peintiboli (kupigana kwa risasi za rangi) porini, nami nimecheza nao kwa bunduki za kukodi hadi mchezo umenikolea. Sasa nataka yangu. Nina dola 300 na humo humo itoke kila kitu. Muuzaji dukani ananisukumia ya betri, eti inamwaga risasi kama mvua. Jamaa mmoja kazini anasema nitafute Tippmann 98 iliyotumika, bunduki isiyo na betri. Nimsikilize nani?

Fundi Mitambo
Mkuu, kabla ya bunduki tenga hela ya barakoa. Za kukodi zimevaliwa na kila mtu, kioo kimechubuka, ukihema kidogo tu ukungu umetanda. Ukishindwa kuona utaivua katikati ya uwanja, na hapo ndipo watu wanapopofuka. Viwanja vingi huweka kikomo cha kasi ya risasi kati ya futi 280 na 300 kwa sekunde. Jicho halina ubavu huo. Chukua yenye kioo cha tabaka mbili, hakishiki ukungu ovyo. Miwani ya kuchomelea au ya pikipiki usithubutu.

Bunduki: betri achana nayo kwa sasa. Inayomwaga risasi inamwaga na pesa, na boksi la risasi 2,000 unalinunua wewe, si muuzaji. Porini unajificha, unalenga, unafyatua moja moja. Ningekuwa wewe ningechukua Planet Eclipse EMEK 100. Haina betri, inapiga kwa ulaini, na risasi hazipasukii ndani hovyo. Ila mpya itakula sehemu kubwa ya hizo 300.

Binti Makorora
Fundi, mtu ana 300 unampeleka kwenye EMEK, mtungi wa gesi ya kusukuma risasi atanunua na nini? Kaka, yule jamaa wa kazini yuko sahihi. Tippmann chimbuko lake Fort Wayne, hapo hapo Indiana, na vipuri vya 98 havikusumbui. Unaifungua mezani kwa spana za L, unabadilisha ringi za mpira, unarudi uwanjani. Nzito, kweli. Lakini haidekezwi.

Fundi Mitambo
Sibishi kwamba ni ngumu. Bado EMEK ni tamu zaidi.

Mkamba Mtoro
Ndugu, hakuna aliyegusa gesi. Usinunue mtungi wa CO2, chukua wa hewa iliyoshindiliwa. Baridi ya huko ikiingia, presha ya CO2 inashuka, na ukifyatua harakaharaka gesi inaingia kwenye bunduki ikiwa bado majimaji. Mtungi mdogo wa psi 3,000 (psi ni kipimo cha presha) unatosha kuanzia. Kama ni wa mkono wa pili soma tarehe iliyochapwa: mingi hupimwa upya kila miaka 5, ukipitwa uwanja unakataa kukujazia.

Mtoto wa Kigamboni
Nimewaelewa, barakoa nimeshaagiza. Swali lingine: Desemba nashuka Bongo, naweza kuja nayo?

Binti Makorora
Kwa upande wa Marekani, bunduki inakaa kwenye begi la chini, kamwe si la mkononi, na mtungi lazima uwe mtupu, valvu imetolewa kabisa, na hiyo ni kazi ya fundi. Upande wa Dar waulize polisi na forodha kabla hujakata tiketi, maana kwenye skana hiyo ni bunduki tu. Halafu hewa utajaza wapi? Labda uwabembeleze wenye kompresa za wazamiaji kule Zanzibar.

Mtoto wa Kigamboni
Basi itabaki huku. Kuna mtu anauza 98 Fort Wayne, Jumamosi naenda kuiona. Nikague nini?

Mkamba Mtoro
Azima mtungi uliojaa, uende nao. Kabla hujaufunga, chungulia mtutu kama una mikwaruzo. Halafu ufunge, nyamaza, sikiliza kama inavuja. Kisha uifyatue bila risasi mara kadhaa, mtutu ukielekea chini na barakoa ikiwa usoni. Akikataa usiijaribu, panda gari urudi.