Kubadilisha mashine ya kupandia kutoka mistari ya sentimita 75 hadi 50

MkulimaBabati

Habari zenu ndugu wakulima. Nina mashine ya kupandia ya mistari minne inayofungwa nyuma ya trekta, na tangu niinunue imekuwa ikipanda mahindi kwa sentimita 75 kati ya mstari na mstari na sentimita 25 kati ya mche na mche. Msimu huu nimekusudia kuweka maharage kwenye nusu ya shamba, nayo yanataka mistari ya sentimita 50. Vichwa vya kupandia vimebanwa kwenye boriti ya chuma kwa boliti zenye umbo la U, lakini fundi wa kuchomelea wa hapa kwetu ananishauri tukate boriti na kuvichomelea upya. Nasita, kwa kuwa mwakani sehemu hiyo hiyo itarudi kwenye mahindi. Je, yupo aliyebadilisha nafasi bila kuiharibu mashine?

FundiTrekta

Ndugu, nakusihi usikubali ichomelewe. Boliti hizo ziliwekwa ili vichwa visogezwe, na ukishachomelea umejifunga kwa zao moja.

Kabla ya kulegeza nati hata moja, pima umbali kati ya katikati ya tairi moja la nyuma na katikati ya lingine, kisha utie alama ya chaki katikati ya boriti. Ukipanga vichwa vinne kwa nafasi ya 50, vitakaa sentimita 25 na 75 kila upande wa alama hiyo, na kama tairi zako zimeachana kwa sentimita 150, vile viwili vya pembeni vitapanda juu ya njia ya tairi, penye udongo ulioshindiliwa, na wakati wa palizi ya trekta utaikanyaga miche hiyo hiyo. Kwa hiyo vua kichwa kimoja. Weka kimoja katikati kabisa na viwili sentimita 50 kulia na kushoto. Tairi zitapita katikati ya mistari, na dereva akigeuza ataweka tairi moja kwenye njia aliyoiacha, bila kuhitaji mkono wa kuchora alama ardhini ya kumwongoza kwenye mzunguko unaofuata. Ni kweli kwamba upana wa kazi unashuka kutoka mita 3 hadi mita 1.5, hivyo tenga muda na mafuta zaidi.

MamaShamba

Naongeza jambo ambalo lilinigharimu. Mwaka wa kwanza nilisogeza vichwa vizuri, lakini kipimo cha mbolea nikakiacha kama cha mahindi, na mifuko niliyoitenga kwa ekari sita ikaisha nilipomaliza ekari ya nne. Sababu ni kwamba ekari moja yenye mistari ya 75 ina takriban mita 5,400 za mstari, ilhali ya 50 ina takriban mita 8,100, na mashine hutoa mbolea kwa kila mita inayotembea, haijui ekari. Ukitaka kilo 50 kwa ekari, funga mfuko wa plastiki chini ya bomba la mbolea, tembeza trekta mita 20, kisha upime: kwa mistari ya 75 upate gramu 185, na kwa ya 50 gramu 124.

Sahani ya mbegu, yaani kile kisahani chenye matundu kinachozunguka na kuangusha mbegu, nayo ibadilishwe. Kama ya mahindi yenye matundu 12 inakupa sentimita 25, ya matundu 30 itakupa sentimita 10 bila kugusa sproketi (magurudumu ya meno ya cheni), mradi matundu yenyewe yaendane na ukubwa wa maharage yako.

MkulimaBabati

Nawashukuru sana. Tairi zimeachana kwa sentimita 150 kamili. Tatizo ni kwamba sanduku la mbolea la kila kichwa lina upana wa sentimita 56, hivyo vinagongana.

FundiTrekta

Basi kichwa cha katikati kirudishwe nyuma. Mwambie fundi wako atengeneze boriti fupi ya pili, ishikwe kwa vibao vya chuma na boliti, ikae kama sentimita 60 nyuma ya ile ya kwanza. Utahitaji cheni ndefu zaidi kutoka kwenye shafti, pamoja na kigurudumu cha kuikaza ili isiruke meno. Kwa kuwa uzito umesogea nyuma, ongeza vyuma vya uzito mbele ya trekta. Faida yake ni kwamba mabua ya mahindi yatapita kati ya vichwa bila kuziba.

MkulimaBabati

Nimefanya hivyo, na jaribio la mita 20 limetoa gramu 126. Nilipofukua, niliona mbegu za mstari wa katikati zimeingia sentimita 2 tu, ilhali za pembeni zilikuwa kwenye 5, maana boriti ya nyuma ilikuwa imeinuka. Nimerefusha mkono wa juu wa trekta unaoshika mashine mpaka boriti zote mbili zikalala sawa, na sasa mistari yote mitatu iko kati ya 4 na 5. Kesho asubuhi naanza kupanda.