Mjadala: Amemaliza kidato cha nne, aende uhasibu au ufundi?

Mleta mada
Wakuu, kijana kafaulu hesabu na fizikia. Ukoo unataka asome mpaka shahada ya uhasibu. Wengine tunasema programu zimeshaanza kulinganisha vitabu na taarifa za benki zenyewe, aende VETA (vyuo vya ufundi stadi vya serikali, Tanzania) akasome umeme wa magari. Leteni hoja zenye kazi ndani yake.

Fundi magari
VETA. Mnadhani mashine ya kupimia, ile inayosoma namba za hitilafu za gari, imemmaliza fundi? Ikisoma P0301 inakwambia silinda namba 1 haichomi vizuri, basi. Sababu itafute mwenyewe. Hamishia koili ya 1 (inayoipa plagi umeme wa cheche) kwenye silinda ya 2 na ya 2 uilete silinda ya 1, futa hitilafu, washa gari. Ikija P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, fanya hivyohivyo kwa plagi, halafu nozeli ya mafuta, mwisho pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Anayebadilisha koili zote nne kwa sababu "kompyuta imesema" anamla mteja hela.

Mhandisi wa kiwanda
Mkuu, huo mtiririko wa kupima ndio programu itaumeza kwanza. Kitakachobaki ni kujua kwa nini. Paneli ya star-delta, ya kuwashia mota kubwa kwa hatua mbili, ina kontakta 3 (swichi za umeme) na taima, fundi anaimudu. Siku hizi inafungwa inveta, kifaa cha kuongoza kasi ya mota. Asipoingiza ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, inveta hailindi mota ipasavyo. Na mota ya Hz 50 ukiizungusha kwa Hz 15 na mzigo wote, feni iliyo kwenye shafti yake nayo inazunguka polepole, joto halitoki, waya zinaungua. Hapo fizikia ndiyo inayohitajika, spana haisaidii.

Mhasibu
Hesabu za kampuni bado zinahitaji mkaguzi aliyesajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi) aziwekee saini, programu haishtakiwi. Ila niseme ukweli: kuingiza risiti na kulinganisha benki ndiyo kazi ambayo vijana walijifunzia. Hiyo ndiyo inayoondoka. Atapanda vipi wakati ngazi ya chini haipo?

Fundi AC
Msiusifie ufundi kupita kiasi. Mtu anafunga AC ya gesi ya R410A bila pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba), anafungulia gesi kidogo "isukume hewa". Unyevu unabaki kwenye mabomba, unageuza oili kuwa tindikali, kompresa inakufa baadaye. Siku ya kwanza inapoza vizuri na mteja kashalipa! Roboti haitampokonya kazi huyo, lakini wateja watamkimbia.

Mwalimu wa ufundi
Mbona mnamlazimisha achague moja? VETA ina NVA (ngazi za tuzo za ufundi stadi) 1 hadi 3. Vyuo vya ufundi vinaanzia NTA (ngazi za tuzo za elimu ya ufundi) 4, diploma ni NTA 6, shahada NTA 8. Kwa ufaulu wake aombe NTA 4 ya umeme moja kwa moja, miaka 3 anapata diploma, na mlango wa shahada uko wazi. Akiishia NVA bado anaweza kupanda, ila vyuo vingi vitamuuliza matokeo ya kidato cha nne, kwa hiyo cheti asikipoteze. Kufunga umeme kunataka leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kusajiliwa mhandisi ni ERB (bodi ya usajili wa wahandisi), na huko bila shahada hapiti.

Mleta mada
Ukoo uko tayari kulipa ada ya chuo. Multimita na mashine ya kupimia wanasema "atanunua akianza kazi". Hapo mnashaurije?

Fundi magari
Multimita inunuliwe muhula wa kwanza. Mashine ya kupimia ataazima.