Kishawishi kikibisha hodi: kuomba, kukimbia, au vyote viwili?

Kiongozi wa Vijana:

Shalom wapendwa. Naandaa somo la vijana kuhusu majaribu, na kuna ubishi ambao ningependa wenye uelewa wa Neno waufafanue kabla ya somo lenyewe.

Upande mmoja unasema: "Aketiye mahali pa siri pake Aliye juu" (Zaburi 91:1) ameshalindwa. Mwombaji wa kweli hana haja ya kukimbiakimbia, na anayekimbia ana imani haba. Upande wa pili unajibu kwamba Biblia yenyewe inatuamuru tukimbie, hivyo maombi bila miguu ni bure.

Maswali yangu ni matatu. Ahadi ya ulinzi katika Zaburi 91 inafunika nini hasa? Mtu aombe nini, na saa ngapi? (Wengi huanza kuomba tamaa ikiwa imeshapamba moto, kisha wanalalamika kwamba maombi hayakufanya kazi.) Na akianguka, afanye nini usiku uleule?

Tafadhali, majibu yawe ya vitendo. "Omba sana ndugu yangu" wameshaisikia vya kutosha.

Mwalimu wa Neno:

Mtumishi, ubishi huo ulishaamuliwa juu ya kinara cha hekalu. Soma Mathayo 4:5-7 polepole. Andiko ambalo Shetani alimnukulia Yesu pale juu lilikuwa Zaburi 91 hiyohiyo: malaika watakuchukua mikononi mwao, basi jitupe chini. Sasa fungua Zaburi 91:11 uone kipande ambacho Mathayo hakionyeshi kinywani mwa Shetani: "wakulinde katika njia zako zote." Njia zako, yaani pale unapopita ukiwa katika utii. Kujirusha kutoka kinarani haikuwa njia ya Yesu, na jibu lake lilikuwa fupi: "Usimjaribu Bwana Mungu wako", kutoka Kumbukumbu la Torati 6:16.

Kwa hiyo kijana anayekwenda kwa makusudi mahali anapojua ataanguka, huku akiikiri Zaburi 91, yuko juu ya kinara. Mungu ni mwaminifu, lakini kijana huyo anaidai ahadi mahali ambapo haikutolewa.

Ulinzi wenyewe unafunika nini? 1 Wakorintho 10:13 inatoa mambo mawili: jaribu halitapita uwezo wako, na pamoja nalo Mungu atafanya "mlango wa kutokea". Mlango hautembei, anayetembea ni mtu. Ndiyo maana mstari unaofuata, wa 14, unaanza: "Kwa ajili ya hayo, wapenzi wangu, ikimbieni ibada ya sanamu." Paulo haoni mgongano wowote. Ametoka kuhubiri uaminifu wa Mungu, na papo hapo anasema kimbieni.

Wafundishe vijana kuutambua mlango, maana mara nyingi ni kitu kidogo mno. Chukua Daudi katika 2 Samweli 11. Tunapenda kurukia kosa lenyewe, lakini hesabu milango aliyoipita. Wakati wa wafalme kwenda vitani, yeye alibaki Yerusalemu. Jioni aliondoka kitandani akatembea juu ya dari ya jumba lake, akaona mwanamke anaoga. Hapo angeweza kushuka. Badala yake akatuma mtu kuulizia, na jibu lililomrudia ndilo lilikuwa mlango ulio wazi kuliko yote: huyu ni Bath-sheba, binti Eliamu, mkewe Uria. Eliamu na Uria wote wawili wamo katika orodha ya mashujaa wa Daudi (2 Samweli 23:34 na 39). Mungu alimpitishia mfalme majina ya watu wake mwenyewe kinywani mwa mtumishi, na mfalme akaendelea kutuma.

Kwa kijana wa leo mlango unaweza kuwa simu ya mama inayoita katikati ya jambo, betri inayokata, rafiki anayesema "twende zetu", au wazo la ghafla la kutoka nje. Huo ndio wakati wa kuinuka. Kuomba ishara nyingine kubwa zaidi ni kuchelewesha tu.

Yusufu (Mwanzo 39) ndiye picha ya pili. Wengi wanakumbuka vazi lililobaki mkononi mwa mke wa Potifa, bwana wake, lakini mstari wa 10 una uzito wake: alisemeshwa siku baada ya siku, na hakukubali kulala naye wala kuwa naye. Kukataa kuwa naye ndiyo kinga ya mapema. Siku ile nyumba ilipokuwa tupu, hakubaki kujadiliana. Wanaofundisha kwamba ulinzi maana yake ni kutopatwa na hasara wasome mpaka mwisho wa sura: vazi lilimponyoka, likageuzwa ushahidi, akafungwa gerezani. "Lakini BWANA akawa pamoja na Yusufu." Alilindwa asitende dhambi, gereza hakukwepeshwa.

Katekista Mstaafu:

Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu amejibu la kwanza vizuri, mimi nichukue la pili.

Saa ya kuomba ni kabla. Pale Gethsemane Bwana aliwaambia wanafunzi "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni" wakati askari wa kumkamata walikuwa hawajafika. Walilala. Alirudi mara tatu akawakuta wamelala, na kabla jogoo hajawika Petro alikuwa ameshamkana mara tatu. Petro alipenda kwa dhati, tatizo lake ni kwamba ile saa ya maombi alikuwa usingizini.

Asubuhi dakika kumi zinatosha kuanzia, zikifuatwa kila siku. Dakika mbili au tatu soma zaburi fupi kwa sauti. Kisha pitia siku inayokuja mbele za Mungu, saa kwa saa, na utaje kwa jina pale penye utelezi: "Bwana, saa nne usiku nitakuwa peke yangu chumbani." Omba kwa ajili ya saa hiyo, na papo hapo amua kitu kimoja utakachokitenda saa hiyo. Malizia na Baba Yetu, taratibu, ukikawia kwenye "usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu". Maombi ya jumla ya "nilinde na maovu yote" si mabaya, ila hayamwandai mtu kwa lolote. Ukishaitaja saa, ikifika utaitambua.

Tamaa ikishawaka, maombi marefu hayafai. Akili imetawanyika. Hapo ni sala ya mshale: fupi, ya maneno yaleyale kila siku. John Cassian, aliyekaa na wamonaki wa jangwani Misri mwishoni mwa karne ya 4, alihimiza mstari mmoja tu wa Zaburi 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Vuta pumzi kwa nusu ya kwanza, toa pumzi kwa nusu ya pili, huku umesimama na unatembea kuelekea mahali penye watu. Rudia mpaka wimbi lipite. Tamaa hupanda, hufika kilele, hushuka. Mara nyingi nusu saa haiishi kabla haijalegea. Shetani hutaka uamini kwamba itaendelea kupanda mpaka uikubali.

Kuna makosa mawili yanayoharibu maombi ya saa hiyo. La kwanza ni kumweleza Mungu kishawishi kwa kirefu. Mtu anapiga magoti lakini anaisimulia picha ileile, na kadiri anavyosimulia ndivyo inavyozidi kukolea. Ukishasema "Bwana, ni lile" inatosha, anajua. Kisha geukia kumtazama Yeye. La pili ni kuomba bila kubadili mkao: amelala kitandani, taa imezimwa, simu iko mkononi, anasema "Yesu nisaidie" huku kidole kinaendelea kusogeza kioo. Kwanza simu iende chumba kingine. Mkono ukiwa mtupu, sala inapata nafasi.

Kiongozi wa Vijana:

Ubarikiwe sana mzee wangu, hilo la kidole limenigusa kwa ajili ya hawa vijana. Swali dogo: Yesu alijibu kwa "imeandikwa". Kijana achague mistari gani? Wengine wamekariri mistari thelathini na saa ya jaribu haiji hata mmoja.

Mwalimu wa Neno:

Mitatu inatosha, na iwe ya jambo lake. Yesu alijibu mara tatu, na kila jibu lilikata hoja iliyokuwa mezani: njaa ikajibiwa kwa Kumbukumbu 8:3, kinara kwa 6:16, falme za dunia kwa 6:13. Hakutoa mstari wowote tu uliomjia.

Namna ya kuchagua: kijana aandike kwanza ule uongo unaomwangusha, kwa maneno yake. "Hakuna atakayejua." "Mara hii tu." "Nimeshaharibu, bora niendelee." Ukishaandikwa, mstari wake hautafutwi mbali. Kwa "hakuna atakayejua", Zaburi 139:7, "Niende wapi nijiepushe na roho yako?" Kwa "mara hii tu", Yakobo 1:15, kwamba tamaa huchukua mimba, huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Kwa "nimeshaharibu", Mithali 24:16, mwenye haki huanguka mara saba akaondoka tena.

Kukariri: mstari mmoja kwa wiki. Autamke kwa sauti, rejeo (kitabu, sura na mstari) mwanzoni na rejeo mwishoni, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Siku ya nne aufiche, auandike bila kuangalia. Mistari thelathini haiji kwa sababu ilikaririwa kwa ajili ya mashindano, haikufungwa kwenye jambo lolote. Anayesema "mara hii tu" asubuhi akijifunza, na hapohapo akajibu kwa mstari, ataukuta mdomoni usiku.

Mama Mwombaji:

Bwana asifiwe. Nichangie la tatu, maana hapo ndipo tunapowapoteza wengi.

Baada ya kuanguka, adui hubadili wimbo. Mwanzo alisema "si kitu", sasa anasema "huwezi tena kumkaribia Mungu". Mtu anaahirisha kutubu mpaka ajisikie msafi, siku tatu, wiki, na katikati ya hapo anaanguka tena mara nne. Kwa hiyo atubu usiku uleule, kabla ya kulala, hata kama ni dakika tano. Aite dhambi kwa jina lake bila kuipamba, asome 1 Yohana 1:9 kwa sauti, ashukuru. Wanaopokea kitubio kwa padri wapange siku yake mapema. Asijiwekee adhabu, wala asiape "sitarudia tena kamwe". Nadhiri za hasira hazidumu. Aombe neema ya kesho tu.

Kisha, kesho yake akiwa ametulia, arudi nyuma hatua kwa hatua: nilikuwa wapi, na nani, saa ngapi, nilikuwa na njaa, hasira au uchovu? Mjaribu alimwendea Yesu baada ya siku arobaini za kufunga, alipoona njaa. Na Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu, Mungu alimpa kwanza usingizi na mkate (1 Wafalme 19). Kuna vishawishi vya usiku ambavyo dawa yake ya kwanza ni kulala mapema.

Na awe na mtu wa kumwambia. Yakobo 5:16 inataka tuungamiane na kuombeana. Mmoja tu anatosha: wa jinsia yake, mkomavu, asiyesumbuliwa na jambo lilelile kwa sasa, anayejua kufunga mdomo. Wakubaliane neno la mkato, mfano "niombee sasa", ambalo likitumwa mwenzake anapiga simu bila maswali. Msiungame hadharani kwenye kundi la vijana. Siri zikishatoka hazirudi, na kijana hatathubutu tena.

Muuguzi Mkristo:

Naongeza jambo moja, naomba lisisahaulike kwenye somo. Kuna kishawishi, na kuna uraibu uliokwisha kuushika mwili. Mtu anayekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na hali hiyo inaweza kuua. Usimfungie chumbani kwa mfungo wa siku tatu ukidhani unamkomboa. Apelekwe kwa daktari, na maombi yaendelee akiwa hukohuko.

Kiongozi wa Vijana:

Amina. Hapo kwenye mfungo: basi kufunga kusitumike kabisa kwa majaribu ya kawaida?

Katekista Mstaafu:

Kutumike, mwanangu, ila kwa kiasi, na kwa mtu mwenye afya. Aache mlo mmoja tu kwa wiki, siku iliyo na watu na kazi, na muda wa ule mlo utumike kuomba. Kufunga humzoeza mtu kuuambia mwili "subiri", na hilo ndilo atakalolihitaji saa nne usiku. Anayefunga siku nzima peke yake, kisha jioni yuko chumbani amechoka na ana hasira, amejiweka palepale mjaribu anapopenda kuja. Afungue mapema, ale, kisha akae na wenzake. Hata 2 Timotheo 2:22, baada ya kusema zikimbie tamaa za ujanani, inaendelea: "pamoja na wale wamwitao Bwana kwa moyo safi." Wape vijana mstari huo mzima, maana nusu ya mwisho huwa haisomwi.