Kuhusu kurejea Mombasa huku ukilipwa kwa dola

Dada yangu,

Waalaikumu salamu. Umeuliza kama dola 1,000 kwa mwezi, unazolipwa na kampuni ya New Jersey kwa kuiwekea hesabu kupitia intaneti, zitakutosha ukirejea Mombasa. Kwa matumizi ya kawaida zitatosha, mradi usiichukulie thamani ya dola ya leo kuwa ndiyo ya mwakani. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Aliyekuwa akipokea kiasi kama chako alipungukiwa na takriban shilingi 30,000 kila mwezi, ilhali mwajiri hakumkata hata senti, wala mwenye nyumba wa Nyali hakumpunguzia kodi. Basi panga nyumba utakayoimudu hata dola ikiwa shilingi 110.

Kuhusu saa, saa tatu asubuhi ya New Jersey ni saa kumi jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja wakati wa baridi, kwa hivyo kazi yao huisha huku saa sita au saa saba usiku. Joto la mchana wa kaskazi unalijua, hivyo huenda usiku ukakufaa zaidi, lakini jamaa watakaokukuta umelala saa nne asubuhi watakutuma sokoni kama mtu asiye na kazi. Tokeni za umeme nunua kabla ya zamu, kwani kubonyeza tarakimu 20 kwenye mita kwa tochi ya simu, huku mteja akikusubiri, ni adha tupu. Ruta ya intaneti nayo huzima pamoja na taa. Iwekee betri yake.

Linalopuuzwa sana ni kodi ya serikali. Aliyekaa Kenya siku 183 au zaidi katika mwaka huhesabiwa mkaazi, na mwenye makao ya kudumu nchini huhesabiwa hivyo hata akikaa muda mfupi zaidi, na mkaazi hutozwa kodi ya mapato ya ajira hata mlipaji akiwa ng'ambo. Kwa kuwa Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kodi kutozwa mara mbili, muone mhasibu kabla hujakata tiketi, umwonyeshe mkataba wako wa kazi, na umuulize kama unahesabiwa mwajiriwa au mkandarasi anayejitegemea. Ritani ya kila mwaka, yaani taarifa ya mapato na kodi yako, huwasilishwa kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.